Kunasa kanda za zamani na kutoa vipande vya video: nichague programu gani?

SWALI: Marehemu baba alituachia kanda za VHS zipatazo arobaini na kanda ndogo za MiniDV kumi na mbili: harusi, maulidi, ngoma na sherehe za shule. Deki ipo na inafanya kazi, na kamera ya MiniDV ipo pia. Nimenunua kile kifaa cha USB chenye nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, lakini kilikuja na CD na laptopu yangu ya Windows haina pa kuiweka. Nilijaribu kwa OBS. Picha ilitoka imevutwa kwa upana, ina vimistari kama meno ya chanuo kila watu wanapocheza, na kufika mwisho sauti imeachana na midomo. Fundi wa mjini ananishauri ninunue programu ya kulipia inayofanya kila kitu. Nataka kuhifadhi kanda zote, kisha nitoe vipande vya kuwatumia ndugu zangu wa Muscat na Toronto kwa WhatsApp, na vingine vya kutazama kwenye televisheni kwa flashi. Pia kuna kanda tatu ambazo dada alituletea kutoka Toronto. Kwenye deki yetu zinatoka nyeusi na nyeupe na picha inakimbia. Ninunue programu ipi? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Jibu fupi ni kwamba usinunue programu yoyote, kwa sababu zinazofaa ni za bure na fedha hiyo ina kazi nyingine katika shughuli hii. Jibu refu linatutaka tutenganishe kazi mbili ambazo fundi wako amezichanganya. Kunasa ni kuitoa picha kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta. Kutoa ni kuichukua picha iliyokwisha kunaswa na kuitengenezea faili la kutuma au la kutazama. Kazi ya kwanza hufanywa mara moja kwa kila kanda, na ikiharibika huenda nafasi ya pili isipatikane, maana kanda huchakaa kila inapopita kwenye deki, na deki zenyewe hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kuwa bado inaziunda, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Kazi ya pili unaweza kuirudia hata mara hamsini bila kuigusa kanda. Kwa hiyo programu ya kunasia ichague kwa ukali, ya kutolea ichague kwa wepesi wake, na hakuna sababu yoyote ya kuzitaka ziwe programu moja. Hizo zinazofanya kila kitu kwa kawaida hunasa moja kwa moja katika faili lililobanwa sana, tayari kwa DVD au kwa simu; ukija kutaka kitu bora zaidi baadaye hukipati, kwa kuwa kilichotupwa wakati wa kunasa hakirudi.

Nianze na MiniDV, kwa kuwa ndizo rahisi na ndizo ambazo watu wengi huziharibu bure. Kanda hizo ni za dijitali tangu siku ziliporekodiwa. Kilichoandikwa juu yake ni data, biti milioni 25 kwa sekunde kwa ajili ya picha peke yake, na kazi ya programu si kunasa kwa maana halisi bali kuinakili data hiyo kama ilivyo, kupitia tundu la FireWire ambalo kwenye kamera huandikwa DV au i.LINK. Ukiiunganisha kamera kwa waya wa njano na kile kifaa chako cha USB, utakuwa unaigeuza picha ya dijitali kuwa ya analogi na kisha kuirudisha tena kuwa ya dijitali, na njiani utapoteza tarehe na saa ya kila tukio, ambazo kamera iliziandika ndani ya kanda hata kama hazionekani kwenye picha. Tundu la USB la kamera hiyo nalo lisikudanganye. Kwenye kamera nyingi za wakati ule liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato au video hafifu.

Kikwazo chako kitakuwa laptopu, kwa sababu laptopu za siku hizi hazina tundu la FireWire. Vile vichwa vidogo vinavyouzwa kwa bei ya chini, upande mmoja FireWire na upande wa pili USB, havifanyi kazi: ndani yake hamna saketi yoyote ya kutafsiri, ni nyaya tupu zilizounganishwa, na vinaweza hata kuunguza tundu la kamera. Njia ya uhakika ni kompyuta ya mezani yenye nafasi ya kuchomeka kadi ya FireWire ya PCI Express, au laptopu ya zamani iliyotoka kiwandani na tundu hilo. Waulize waliokuwa wakipiga picha za harusi miaka ya 2000. Wengi wao bado wana mashine kama hiyo imekaa kwenye kona, na kwa kanda kumi na mbili kuiazima kwa siku chache kunatosha.

Mashine ikipatikana, programu ya kutumia kwenye Windows ni WinDV. Ni programu ndogo, ya bure, yenye dirisha moja lisilo na madoido, na ndiyo sababu ninaipendelea. Inanakili data bila kuigusa, na inaweza kulikata faili kila mahali ambapo kamera ilizimwa ikawashwa tena, kwa kusoma tarehe na saa iliyomo ndani ya kanda, kisha ikaliita kila faili kwa tarehe hiyo. Kanda ya saa moja inakutokea ikiwa na vipande vyake vyote vimejipanga, maulidi huku na harusi kule, bila wewe kukata chochote. Kwenye Linux kazi hiyo hiyo hufanywa na dvgrab. Windows mpya inaweza kukataa kuiona kamera mpaka draiva ya FireWire (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) ibadilishwe na kuwekwa ile ya zamani, lakini hilo likishafanywa mara moja linakwisha. Saa moja ya DV inachukua takriban GB 13, kwa hiyo kanda zako zote kumi na mbili, ikiwa kila moja ni ya saa moja, zitakula kama GB 156. Usizibane kamwe, hayo ndiyo maandishi asilia.

VHS ni shauri jingine. Hapo picha ni ya analogi, na ubora wa kinachoingia kwenye kompyuta unaamuliwa na deki, kifaa cha USB, draiva yake na programu, kwa mpangilio huo. Programu ni ya mwisho, lakini ina jambo moja kubwa la kuamua, ambalo ni kukuambia ukweli au kukuficha.

Kabla ya hapo, CD iliyokuja na kifaa isikusumbue. Vifaa vya aina hiyo huuzwa sana kwa jina la EasyCap, na ganda ni lile lile, ila ndani mna chipu tofauti: STK1160, UTV007, Somagic, Empia na nyinginezo. Kichomeke, fungua orodha ya vifaa ya Windows, usome namba yake ya utambulisho, kisha utafute draiva ya chipu hiyo hasa badala ya kutafuta kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Linux kwa upande wake ina draiva za STK1160 na UTV007 ndani yake tayari. Jiepushe na njia ya mkato ya kununua kijisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI na kuunasa mwisho wa HDMI. Visanduku hivyo huichanganya mistari ya picha vibaya na kuivuta iwe pana, na hutakuwa na njia ya kuirudisha.

Sasa nirudi kwenye jaribio lako la OBS, kwa sababu makosa matatu uliyoyataja yana chanzo chake kila moja. OBS Studio ni programu nzuri sana kwa kazi iliyoundiwa, nayo ni kurusha matangazo ya moja kwa moja na kurekodi skrini. Kwa kawaida hufunguka ikiwa na turubai ya nukta 1920 kwa 1080, yaani umbo la 16:9, ilhali kanda ya baba ni ya umbo la 4:3 na mistari 576 inayoonekana. Picha ikivutwa ijaze turubai hiyo, wanenguaji wote wanakuwa wafupi na wanene.

Vile vimistari vinatokana na mfumo wa PAL wenyewe, uliotumika Tanzania na Kenya. Kila sekunde ina fremu 25, yaani picha kamili 25, na kila fremu ni nusu mbili zilizopishana: mistari ya namba witiri na mistari ya namba shufwa, kila nusu ikiwa imepigwa sehemu ya 1/50 ya sekunde baada ya mwenzake. Televisheni ya zamani ilizionyesha nusu hizo moja baada ya nyingine, na jicho likaona mwendo laini. Kompyuta huzionyesha kwa pamoja, na mkono unaopunga unaonekana uko mahali pawili kwa wakati mmoja. Dawa ipo, lakini ni ya wakati wa kutoa, si wa kunasa, na inafanya kazi kwa sharti kwamba mistari ile 576 haijaguswa. OBS ilipoivuta mistari 576 ikawa 1080, ilizichanganya nusu zote mbili katika kila mstari. Ndiyo maana faili ulilokwisha kulipata halitengenezeki kwa programu yoyote, ya bure au ya kulipia, na kanda hiyo itabidi irudiwe.

Kosa la tatu, sauti kuachana na midomo, ndilo linalonifanya nikuondoe kwenye OBS. Kanda ya VHS haitembei kwa mwendo sawasawa. Mistari inachelewa na kuwahi, mahali penye mkunjo picha inayumba, na kifaa cha USB kikipoteza mwelekeo kinadondosha fremu. OBS hufuata saa yake yenyewe: fremu ikikosekana, hurudia iliyotangulia na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Unakuja kugundua mwisho wa saa ya pili, wakati bwana harusi anaitikia kabla shehe hajamaliza kuuliza.

Badala yake tumia VirtualDub, na hasa toleo lake lililoendelezwa baadaye, VirtualDub2. Ni ya Windows, ni ya bure, sura yake ni ya miaka mingi iliyopita, na mara ya kwanza itakuchanganya. Lakini inakuonyesha kando ya picha, muda wote kanda inapozunguka, idadi ya fremu zilizodondoka na zilizopachikwa. Ukiona sifuri inabaki sifuri, una kanda safi. Ukiona namba inapanda, unasimama hapo hapo, unatafuta sababu na kurudia, badala ya kugundua mwakani. Ukweli huo ndio unaoufuata, na sijaona programu ya kulipia ya bei ya kawaida inayouonyesha wazi kiasi hicho.

Mpangilio wake ni huu. Ingia kwenye hali ya kunasa, chagua kifaa chako, na katika mfumo wa video chagua PAL_B. Herufi ya mwisho inahusu jinsi matangazo yanavyorushwa hewani, na kwa picha inayopita kwenye waya wa AV haina athari. Weka ukubwa wa nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, mfumo wa rangi wa YUY2, na sauti ya 48 kHz, biti 16. Kwa mbano chagua Huffyuv au Lagarith, ambazo hubana bila kupoteza chochote. Upande wa sauti uwe mwangalifu, kwa sababu Windows hukihesabu kifaa cha USB kuwa maikrofoni. Ikiwa mipangilio ya faragha inazuia programu kutumia maikrofoni, utanasa kanda nzima bila sauti. Na ukiacha maikrofoni ya laptopu ndiyo iliyochaguliwa, utapata qaswida ikiwa imechanganyika na jogoo wa jirani na mtu anayeuliza chai iko wapi. Vaa spika za masikioni, chomoa waya mweupe na mwekundu kwa sekunde moja, na kama sauti haikukatika ujue unasikiliza kitu kingine.

Nasa dakika kumi za majaribio kutoka katikati ya kanda yenye mwendo mwingi, kisha utafute mahali penye kishindo kinachoonekana: kofi la mikono, au fimbo inapogusa ngoma. Kama sauti imepishana na picha kwa kiasi kile kile mwanzo na mwisho, hilo ni jambo dogo, utalisogeza wakati wa kutoa. Kama mwanzo ni sawa na mwisho imeachana, fremu zinapotea. Kila fremu ni sehemu ya 1/25 ya sekunde, na ishirini na tano zikipotea tayari ni sekunde nzima. Angalia kwanza mambo ya karibu: kifaa kichomekwe moja kwa moja kwenye laptopu na si kwenye kigawanyishi kimoja na diski ya nje, faili liandikwe kwenye diski ya ndani, na intaneti izimwe ili Windows isianze kujisasisha katikati ya harusi.

Fremu zikiendelea kupotea hata hivyo, tatizo ni kanda na kifaa, na hapo ndipo fedha uliyotaka kumpa fundi inapopata kazi. Kinachohitajika ni kifaa cha kuisawazisha picha kabla haijafika kwenye USB. Vile vya kitaalamu ni ghali, lakini kuna njia ya wenye uzoefu: rekoda za DVD za Panasonic, DMR-ES10 na DMR-ES15, ambazo huipokea picha ya deki, zikaipanga mistari yake vizuri na kuitoa upande wa pili bila kurekodi chochote. Hutafutwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, hata kama sehemu yake ya DVD imekufa. Baadhi ya deki za S-VHS za JVC na Panasonic zina kisawazishi ndani yake, na hutoa picha kwa tundu la S-Video, ambalo ni bora kuliko waya wa njano. Na kama kifaa chako cha USB chenyewe ndicho kibovu, Hauppauge USB-Live2 ni cha kuaminika zaidi.

Huenda mtu akakushauri upitishe VHS ndani ya kamera ya MiniDV itoke kwenye FireWire ikiwa dijitali. Wazo ni zuri, lakini kamera nyingi za PAL zilizouzwa Ulaya zilizibwa njia ya kuingiza video, kwa sababu kamera yenye uwezo wa kurekodi kutoka nje ilitozwa ushuru mkubwa zaidi huko. Ya mzee huenda ilipitia soko jingine. Tazama menyu yake kama ina sehemu ya kuingiza AV. Kama ipo, ijaribu na ulinganishe.

Kuhusu nafasi: video ya 720 kwa 576 isiyobanwa kabisa ni karibu GB 75 kwa saa, na kwa Huffyuv au Lagarith inashuka hadi kati ya GB 25 na 40, kutegemea chengachenga zilizomo. Tukikadiria kanda zako arobaini zina saa thelathini za mambo yenye maana, ni takriban TB 1, na pamoja na MiniDV diski ya TB 2 inatosha. Nunua mbili zinazofanana, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu wa nyumba nyingine. Ukitaka kupunguza ukubwa bila kupoteza ubora, programu ya bure ya ffmpeg inaweza kuyageuza mafaili hayo kuwa FFV1 ndani ya MKV, mfumo ambao hifadhi za nyaraka huutumia na ambao umewekwa wazi katika kiwango cha RFC 9043 cha mwaka 2021. Na kama TB 2 ni nje ya uwezo, basi baada ya kunasa zigeuze kanda za kawaida kuwa H.264 yenye biti milioni 15 kwa sekunde, mistari yake ikiwa bado haijaguswa, na uziache zile chache za thamani bila kubanwa. Saa moja itakuwa kama GB 7. Huo ni upungufu unaovumilika.

Mambo mawili madogo kabla sijatoka kwenye kunasa. Laptopu ina betri, deki haina. Umeme ukikatika katikati ya kanda, deki inasimama ghafla na utepe umezunguka vichwa vyake, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba) ya deki si anasa. Pili, Tanga ni pwani. Tazama kwenye kidirisha cha kila kanda kama utepe una unga mweupe ukingoni. Huo ni ukungu, na kanda ya namna hiyo usiiingize kwenye deki hata kwa majaribio, kwa kuwa itachafua vichwa na kuambukiza zinazofuata. Itenge ikasafishwe kwanza.

Kutoa sasa, na hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa ukikosea unarudia. Kukata vipande vya VHS unaweza kufanya ndani ya VirtualDub yenyewe, ukiiamuru inakili bila kubana upya; kila fremu ya Huffyuv au ya DV inajitegemea, hivyo unaweza kukata popote. Kwa DV, LosslessCut ni nyepesi zaidi kwa mkono. Ukitaka kuandika majina kwenye picha au kuunganisha vipande, Shotcut inakutosha, na laptopu ya kawaida inaimudu. DaVinci Resolve ina toleo la bure na ni programu ya hali ya juu, lakini inadai kadi ya picha yenye nguvu, na kwa kazi ya kukata harusi ni mzigo. CapCut waachie wajukuu watengeneze vya kuweka kwenye status, ila nakala asilia isipitie huko. Zile programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kuuzwa kwa flashi mjini ziache kabisa. Hazikupi kitu ambacho hizi za bure hazina, na mara nyingi huja na virusi.

Kipande kikishakatwa, kitie HandBrake, ambayo hainasi wala haikati kwa ustadi, lakini kwa kugeuza ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu yeyote. Chagua MP4 na H.264. Katika vichujio washa Bwdif kwa hali ya kutoa picha mbili kutoka kila fremu, ili upate fremu 50 kwa sekunde na mwendo uwe laini kama ulivyokuwa kwenye televisheni ya mzee; vile vimistari vitaondoka hapo. Ukubwa uweke 768 kwa 576 upate umbo la 4:3. Chini ya picha ya VHS kuna ukanda mdogo unaotetemeka, ambao televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Ukate, mistari minane hadi kumi na miwili inatosha, na ukate pembeni pia kwa uwiano huo huo. Kiwango cha ubora kiwe kati ya 18 na 20, namba ndogo ikimaanisha ubora mkubwa. Usiikuze picha iwe 1080. VHS haina undani huo, na utaongeza uzito wa faili bila faida.

Kwa televisheni, kaa kwenye H.264 na sauti ya AAC. H.265 na AV1 hubana vizuri zaidi, lakini televisheni za miaka iliyopita nyingi haziwezi kuzisoma. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalozidi GB 4, hata kama flashi ni tupu. Harusi ya saa mbili kwa biti milioni 4 kwa sekunde ni kama GB 3.6, kwa hiyo inaingia.

Kwa WhatsApp tengeneza toleo la pili, la fremu 25 na biti milioni 2 kwa sekunde. Dakika tatu ni takriban MB 45. Ukilituma kama video ya kawaida, WhatsApp italibana tena kwa vigezo vyake. Ukilituma kama hati litafika Muscat jinsi lilivyotoka kwako, na kwa njia ya hati kikomo ni GB 2. Kwa wazee wasiopenda kupakua, tuma kama video na usijali.

Zimebaki kanda tatu za Toronto. Hizo ni za mfumo wa NTSC, uliotumika Kanada na Marekani: mistari 480 inayoonekana na fremu 29.97 kwa sekunde. Ukikuta NTSC imeandikwa usoni mwa deki yako, usifurahi haraka. Deki nyingi za huku huisoma kanda hiyo na kuitoa katika mchanganyiko unaoitwa PAL60, ambao televisheni nyingi huuelewa lakini vifaa vya USB huuona kuwa picha nyeusi na nyeupe au huukataa kabisa. Inahitajika deki inayotoa NTSC halisi, na VirtualDub ibadilishwe iwe NTSC_M na 720 kwa 480. Dada yako yuko mahali ambapo deki za namna hiyo ndizo za kawaida, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumrudishia kanda zake, kwa mkono wa msafiri na si kwa posta. Mwambie atakapozipeleka kunaswa asikubali kupewa DVD wala MP4, bali aombe AVI iliyobanwa bila kupoteza kitu, 720 kwa 480, fremu 29.97, mistari isiguswe. Na kanda zenyewe azichukue asiziache dukani.